Ukitaka lugha ya nyanya, chambua naye omena

Wiki hii kijana mmoja wa mtaa wa Donholm, Nairobi, ameniandikia akitaka orodha ya maneno ya Dholuo, lugha ya Waluo, ayakariri kabla ya kwenda ocha, yaani kijijini kwao, Desemba. Orodha sina. Nina nyanya, na Jumapili iliyopita, kwenye harambee ya ukoo, nilisimama nikawasalimu wazee, nikashukuru, nikaketi, bila kuchomeka hata neno moja la Kiswahili. Binamu zangu walewale waliozoea kuniita mzungu wa Umoja, mtaa wetu wa Nairobi, walinyamaza kimya. Niacheni nijivune kidogo.

Mimi ni wa kuzaliwa Nairobi. Shuleni kwetu, ukiponyokwa na neno la nyumbani ulivishwa kibao shingoni, ukatembea nacho mpaka umnase mwingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, sasa inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Sawa, lakini kile kibao bado kinaniuma.

Kilichonifaa ni jiko. Dana, ndivyo tunavyomwita nyanya, huchambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye sinia, vidole vikitenga vichwa na mchanga wala haangalii. Ukikaa naye, anakutuma tu. "Bed piny," keti. "Kel pi," leta maji. "Kel chumbi," na mkono umeshaelekea kwenye kopo la chumvi, utakosaje kuelewa? Jioni ni "Bi ichiem," njoo ule, na hiyo hata tumbo linaielewa. Siku niliyotoa daftari alijiweka sawa kitini, akaanza kutamka polepole kama anayemsomea waziri risala. Nikalirudisha mfukoni.

Kwa hivyo vijana, ketini na wazee. Fanyeni kazi nao. Akikugeuzia Kiswahili, wewe ng'ang'ana na Dholuo chako kibovu, kwa sababu wazee wetu wana huruma, na huruma hiyo ndiyo inayotunyima lugha. Ketini nao, narudia. Mnaahirisha mpaka siku ya mazishi, halafu mnashika kipaza sauti na kusoma wasifu wa marehemu kwa Kiingereza, wenzake aliokua nao wakiwakodolea macho. Inaudhi!

Kama wazee wako wametangulia, nenda soko la Gikomba, Nairobi, kwa akina mama Waluo wa samaki. Sema "Oyawore," ile salamu ya asubuhi, uliza bei ya ngege, yaani tilapia, nunua hata mmoja. Ila usiende wakati wateja wa jumla wamejaa, maana muuzaji atakujibu kwa Kiswahili upesi upesi ili uondoke njiani.