Kabla hamjaniletea mfuatano kutoka OEIS

Kila muhula nawaona wadogo zangu wa project wakiandika 1, 2, 3, 5 kwenye OEIS, ile kamusi ya mtandaoni ya mifuatano ya namba, wanamwagiwa majibu lukuki, wanachukua la juu kabisa. Jamani! Someni haya kwanza.

1. Tafuteni kwa namba sita au zaidi, na zile za mwanzo ziacheni. Kuna anayeanza kuhesabu kwenye 0 na anayeanza kwenye 1.

2. Kufanana si uthibitisho. Mwanafunzi mmoja, hodari kweli, alikuwa anahesabu njia za hatua 2n, kupanda n na kushuka n, zinazoanza na kuishia sifuri bila kwenda chini ya sifuri wala kuzidi kimo cha 4. Kwa mkono alipata 1, 2, 5, 14. OEIS ikamwonyesha namba za Catalan, mfuatano maarufu wa kuhesabia njia kama hizo zisizo na kikomo cha kimo (A000108 ndiyo namba yake ya utambulisho humo), ukurasa mrefu wenye kila tafsiri mnayoijua. Akaandika sura nzima juu yake. Nikamwomba ahesabu n = 5 tu. Catalan inadai 42. Yeye akapata 41. Akarudia usiku kucha, akiamini ameruka njia moja. Hakuruka. Ile inayopanda mara tano mfululizo ndipo ishuke inagonga kimo cha 5, na sharti lake linaikataa. Mpaka n = 4 sharti hilo halikuwa na kazi, maana hakuna njia inayoweza kufika huko juu. Mkiongeza kwenye orodha yake 41, na 122 ya n = 6, mtapelekwa A007051, yaani (3^n + 1)/2, na hapo n imesogea hatua moja. Rudini kwenye kipengele cha 1. Ile sura ilifutwa wiki ya kuwasilisha. Iliniuma sana, kwa sababu programu fupi tu ingemwokoa.

3. Fomula iliyowekwa humo kama dhana, yaani bado haijathibitishwa, isitumike kama theoremu, yaani iliyokwisha kuthibitishwa.

4. Mkiukosa mfuatano wenu, msivunjike moyo. Neil Sloane, mwanzilishi wa OEIS, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1964 alipoanza kukusanya mifuatano, baada ya kuukosa vitabuni mfuatano wake wa 0, 1, 8, 78, 944. Leo ni A000435. Namba alizitunza kwenye kadi za kutoboa, zile za karatasi zilizosomwa na kompyuta za zamani, nanyi mna kompyuta mfukoni! Hesabuni kwa njia mbili tofauti, zikikubaliana tumeni OEIS. Wahariri watawabana kwa maswali. Wajibuni kwa adabu, na rasimu niione mimi kwanza.