Maswali ya Wasomaji: Nani aliyejenga uwanja wa ndege wa Mombasa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani kwetu ni Magongo, karibu na Uwanja wa Ndege wa Moi. Nyanya yangu hutuambia kwamba uwanja huo ulikuwa wa askari wakati wa vita vya Hitler, na kwamba waliofyeka pori na kuujenga walikuwa Makaburu. Kaka zangu humcheka, wakisema uwanja wenye jina la rais bila shaka ulijengwa na rais huyo. Ni nani aliye sahihi? – Msomaji, Changamwe.

JIBU: Nyanya yako ndiye aliye sahihi, ingawa neno "Makaburu" linahitaji kupunguzwa makali, kwa kuwa walioujenga walikuwa wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini, na jeshi hilo halikuwa la Makaburu peke yao. Italia, ambayo wakati huo ilizitawala Somalia na Ethiopia, iliingia vitani Juni 1940, na Afrika Kusini ikaleta Kenya askari, ndege na mafundi kuwakabili Waitalia kaskazini. Mogadishu ilitekwa Februari 1941. Kabla ya hapo ndege kubwa za abiria zilizopita Mombasa zikielekea Durban, tangu 1937, zilikuwa zile zinazotua majini, kwa hiyo hazikuhitaji uwanja wa nchi kavu.

Kilichoupa uwanja huo uzito, hata hivyo, ni bandari. Aprili 1942 ndege za manowari za Japani zilishambulia Colombo na Trincomalee, huko Ceylon, inayoitwa leo Sri Lanka, na sehemu kubwa ya meli za Uingereza za Bahari ya Hindi, chini ya Admeri James Somerville, ikarudi nyuma hadi Kilindini, bandari ya Mombasa. Miongoni mwa meli hizo zilikuwamo manowari za kubebea ndege, na manowari ya namna hiyo ikishatia nanga haina tena mwendo wa kuzipatia ndege zake upepo wa kurukia. Ndiyo sababu ndege hurushwa meli ikiwa bado baharini, zikatua nchi kavu na kubaki huko kwa mazoezi na matengenezo hadi safari nyingine. Uwanja wenu, ambao wakati huo uliitwa Port Reitz, ulio bara, ng'ambo ya kisiwa na kando ya mkono wa bahari unaoungana na Kilindini, ulifaa sana kwa kazi hiyo. Kikosi cha ndege cha jeshi la majini kilikuwa pia na viwanja Tanga na Mackinnon Road.

Ndege za doria nazo ziliruka kutoka hapo kuwinda nyambizi. Hatari haikuwa ya kubuni: meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na wanajeshi, wakiwamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Japani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldivi, mbali mno na ulinzi wa pwani yetu, wakafa watu wapatao 1,300.

Jina Port Reitz, kwa njia, si la vita hivyo. Ni la Luteni Reitz wa jeshi la majini la Uingereza, aliyeachwa Mombasa na Kapteni Owen mwaka 1824, Wamazrui, watawala wa Mombasa, walipotaka ulinzi dhidi ya Seyyid Said, mtawala wa Omani, naye akafa kwa homa mwaka huohuo.

Vita vilipokwisha uwanja uliingia mikononi mwa raia. Shirika la East African Airways lilianza safari mwaka 1946 kwa ndege ndogo za Dragon Rapide, na kwa miaka mingi mtalii kutoka Ulaya alishuka kwanza Nairobi ndipo aje pwani. Hali hiyo ilibadilika njia ya kurukia iliporefushwa ili ipokee ndege kubwa za jeti, na uwanja ukawa wa kimataifa mwaka 1979. Njia hiyo leo ina urefu wa mita 3,350.

Waambie basi kaka zako kwamba Moi alishika urais mwaka 1978, ndege zikiwa zimekwisha kutua hapo kwa zaidi ya miaka 30. Na mwambie nyanya jambo ambalo huenda likamchekesha: katika miaka ya 1990 uwanja huo ulikarabatiwa kwa mkopo wa serikali ya Japani.