Maswali ya Wafugaji: Bwawa limejaa tilapia wa kidole, kambare hawaonekani

SWALI: Bwana mhariri, salamu. Nina bwawa la mita 20 kwa 15 huku Mtopanga, Mombasa, kina chake mita moja na nusu upande wa ndani. Nilipandikiza tilapia 600 na kambare 30 ili jamaa na wageni wapate kuvua kwa ndoana. Nikaambiwa tilapia watazaa na kambare watajilia watoto wao. Huu mwaka wa pili, kila atupaye mshipi mchana huondoka na vitilapia vya urefu wa kidole. Kambare hawaumi. Nawalisha punje za dukani asubuhi na jioni. Niongeze kambare ama niongeze chakula?
Msomaji, Mtopanga

JIBU: Usiongeze chochote bado. Punguza kwanza.

Tilapia husita kuzaa maji yakishuka chini ya nyuzi 22 hivi, na maji ya Mombasa hayafiki huko hata Julai. Kwa hivyo jike huatamia mayai mdomoni, hutoa watoto, kisha baada ya wiki nne hadi sita huanza upya, mwaka mzima. Wakibanana hukomaa wangali na gramu 30 au 40, na nguvu ya chakula huishia kwenye mayai badala ya mwili. Ukimshika mmoja wao ukamkuta kichwa kikubwa, tumbo limebonyea na mayai tayari anayo, basi huyo si mtoto. Ni mzee aliyedumaa, na hata umpe gunia zima la chakula hatakuwa samaki wa kujivunia.

Kambare naye ana sababu mbili za kuwaacha. Humeza windo zima, na tilapia ana mwili mpana wenye miiba mgongoni. Kambare wa sentimita 40 huwameza kwa raha vifaranga wa sentimita 5 hadi 8. Hao wako wa sentimita 10 na 12 wameshamponyoka. Sababu ya pili ni punje zako. Kambare si mwindaji hodari, na akishiba cha bure mara mbili kwa siku hana haja ya kukimbizana na mtu.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi huteleza. Ili kambare aongeze kilo moja kwa kula samaki wenzake, atahitaji kilo 5 hadi 10 za windo. Kambare 30 wakiongeza nusu kilo kila mmoja kwa mwaka, hiyo ni kilo 15 za nyama, yaani kilo 75 hadi 150 za vifaranga. Bwawa la mita 300 za mraba linalotegemea ukijani wa maji, yaani vimelea vidogo vya mimea, halitoi kiasi hicho kwa uhakika. Ukitaka waishi kwa kuwinda, baki na kambare 15, na wote wawe wa kimo kimoja, maana mkubwa humla mdogo.

Fanya hivi. Acha kulisha siku moja. Alfajiri pitisha juya, yaani wavu wa kukokota, la macho ya inchi moja: waliodumaa watanaswa, vifaranga watapita. Rudia juma lifuatalo, kwa kuwa mara ya kwanza wengi hukwepa chini ya kamba ya risasi, ile yenye uzito inayoburura chini. Rudisha bwawani tilapia 60 hadi 80 walio wakubwa kabisa, majike watatu kwa kila dume. Mlaze chali umtazame nyuma ya tumbo: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Waliobaki wakaangwe au wapewe bata, wala wasimwagwe kijitoni.

Punje zisimamishwe. Wazazi wape pumba ya mahindi saa sita mchana, upande wa kina kifupi, wakati kambare wametulia chini. Pumba isiyoisha kwa robo saa ni nyingi mno. Samadi kavu ya kuku kilo 6 kwa wiki yatosha, ndani ya gunia lililofungwa kwenye mti. Zamisha sahani nyeupe: ikipotea machoni kabla ya sentimita 20, sitisha samadi na pumba, la sivyo siku moja utawakuta samaki wote wanahema juu ya maji alfajiri. Mkiambiwa muweke chokaa, kumbukeni ushauri huo mara nyingi ni wa udongo mchachu wa bara. Maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe tayari yana chokaa.

Kila mwezi vuta juya dogo la macho ya milimita 6 kwenye kona ya kina kifupi. Vifaranga wa sentimita 2 hadi 5 wakiwa wengi na wa kidole wachache, mambo yako sawa. Wa kidole wakizidi, waondoe tena. Usipopata kifaranga hata mmoja, toa kambare watano.

Na wageni waje baada ya magharibi, chambo kiwe utumbo wa kuku au minyoo, kikae chini. Kuvua kambare saa nane mchana ni kuota jua tu.

SWALI: Vifaranga wangu huliwa wote kabla hawajakua, na sasa hata wazazi sioni. Niwawekee matawi wajifiche?
Mama wa Utange

JIBU: Ndiyo, mama, lakini yasizidi sehemu ya kumi ya bwawa, na uyafunge kwa kamba ili uyatoe siku ya juya. Matawi makavu ya mvinje yanafaa sana. Makuti huoza haraka na kula hewa ya maji. Mnyaa na utupa usiviguse, hivyo ndivyo vilivyotumika tangu zamani kulevya samaki. Mwarobaini pia uache. Kabla ya hayo yote, angalia kama anayewala ni kambare kweli: ndege mnandi na kenge nao hula, na mnandi hufanya kazi mchana mbele ya macho yako. Ukinunua wazazi wapya, uliza kama ni madume matupu. Wauzaji wengi huuza hao kwa sababu hukua haraka, lakini hawatakupa kifaranga hata mmoja.

SWALI: Mwatiko wachanga wanaweza kuwa chakula cha kambare?
Msomaji, Jomvu

JIBU: Wanaliwa, ila hawazai bwawani. Mwatiko hutaga baharini, kwa hivyo kila msimu utarudi kutafuta vifaranga vya pwani. Kama maji yako ni ya chumvichumvi kiasi cha kumsumbua kambare, basi fuga mwatiko peke yake umlishe akue. Ni samaki wa kuliwa na watu.