Maswali na majibu: kumfundisha mtoto kusoma nyumbani, tuanze na sauti zipi?

Barua nyingi nilizopata hivi karibuni ni za wazazi waliochagua kusomesha watoto wao nyumbani, na karibu zote zinauliza habari ya hatua ya kwanza: mtoto hajui kusoma kabisa, tuanzie wapi, na tununue kozi gani. Nimechukua chache zinazowakilisha nyingine.

Mwalimu, binti yangu ana miaka mitano. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, lakini mitihani yake ya baadaye itakuwa ya Kiingereza. Nianze kumfundisha kusoma kwa lugha gani? (Mama, Nakuru)

Anza na Kiswahili, mama, na usiwe na hofu kwamba unamchelewesha. Jambo kubwa analotakiwa kuligundua mtoto ni kwamba alama iliyo kwenye karatasi inasimamia sauti inayotoka mdomoni, na Kiswahili kinamwonyesha hilo bila kumzungusha. Irabu ni tano, kila moja na sauti yake, nayo haibadiliki iwe mwanzo wa neno au mwisho. Akishajua irabu hizo pamoja na m, k, t, l na n, anaweza kusoma mwenyewe mama, kuku, kiti, tano, kalamu na mlima. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, na irabu zake pekee zinakaribia 20.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 uliwapima watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kusoma. Watoto wa Scotland, wanaojifunza kwa Kiingereza, walisoma sawasawa kama theluthi moja tu ya maneno ya kawaida waliyopewa. Wenzao wa Ufini, Ugiriki na Italia walipita asilimia 90. Watoto wa Scotland wana akili kama wengine, ila maandishi ya lugha yao ni magumu. Kiswahili hakikuwemo katika utafiti huo, lakini kwa namna kinavyoandikwa kiko upande wa Kifini na Kiitalia, na wewe una bahati ya kuwa nacho nyumbani.

Fundisha irabu kwanza, kisha silabi za herufi mbili: ma, me, mi, mo, mu. Hapa ndipo wazazi wengi wanapodanganyika. Mtoto anayeimba "ba be bi bo bu" kwa mpangilio uleule kila siku huenda anakumbuka wimbo tu, jicho lake haliko kwenye herufi. Zichanganye. Mwonyeshe bo, kisha ki, kisha la. Mwandikie boma, ubadilishe herufi moja iwe soma, ubadilishe tena iwe koma, asome kila mara. Baadaye mwonyeshe kwamba m inaweza kusimama peke yake kama silabi: m-ti, m-to-to. Ndipo zije ch, sh na ny, halafu mb, nd, nj, mw, kw na wenzake. Ngoma na ng'ombe usivifundishe siku moja. Acha ng ikae vizuri kichwani kwanza, ndipo umletee ng' yenye kibainishi.

Kila silabi anayoisoma aiandike pia. Imla ya maneno matano kwa siku inatosha, na itakuonyesha upesi kuliko kitu kingine chochote ni sauti gani bado haijaingia.

Kiingereza katika kipindi hiki kiwe cha masikioni na mdomoni: nyimbo, hadithi unazomsomea, mazungumzo. Akishaweza kusoma sentensi fupi za Kiswahili bila kukata kila silabi, anza foniksi ya Kiingereza, yaani kusoma kwa kuunganisha herufi na sauti zake, kama somo lake lenyewe.

Ndugu mwalimu, tuko Columbus, Ohio. Mtoto ana miaka sita na anazungumza lugha zote mbili. Kozi za foniksi hapa ni nyingi mno, nyingine zinauzwa mamia ya dola. Ipi ni bora kuliko zote? (Baba wa watoto wawili)

Fungua kozi kabla hujafungua pochi, ndugu yangu. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la usomaji la Marekani, National Reading Panel, lilitoa ripoti iliyokusanya tafiti nyingi. Lilikuta kwamba kufundisha foniksi kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kunawasaidia watoto kuliko kuidokeza hapa na pale au kutoifundisha kabisa, na kwamba faida ni kubwa zaidi ikianza mapema. Lakini jopo lilipolinganisha aina mbalimbali za foniksi yenye utaratibu, halikuona tofauti ya maana kati yake. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kozi yake pekee ndiyo inayofundisha kusoma, anauza.

Mimi ningetazama kwanza vitabu vya hadithi vinavyoandamana na kozi. Soma kitabu cha kwanza na ujiulize: je, mtoto ameshafundishwa sauti zote zilizo katika maneno haya? Kama somo limefundisha s, a, t, i, p, n, ambao ni mwanzo wa kozi nyingi kwa sababu herufi hizo sita zinatoa sat, pin, tap na maneno mengine mengi, halafu kitabu kinamdai asome elephant, kozi hiyo imemtupa mtoto mtoni kabla hajajua kuogelea. Hilo kwangu ni kosa lisilosameheka, hata picha ziwe nzuri namna gani.

Kisha tazama kama kuna marudio ya kutosha, na kama mtoto anaandika sauti anazozisoma. Maneno yenye tahajia ya ajabu kama said na was yasifundishwe kama picha za kukariri. Kozi nzuri humwonyesha mtoto herufi zipi zinatii kanuni na ipi imekaidi: katika said, s na d zinasema sauti zake za kawaida, ugumu uko kwenye ai tu.

Kwa mtoto wa Kiswahili kuna mambo mawili ambayo kozi za Marekani hazitakuambia. La kwanza ni majina ya herufi. Kwa Kiingereza A huitwa "ei", E huitwa "ii" na I huitwa "ai". Mtoto anayejua Kiswahili akisikia "ii" ataandika i, na ana haki. Fundisha sauti kwanza, majina yatakuja. La pili ni ulimi wetu sisi wazazi. Tumezoea konsonanti iliyoshikana na irabu, kwa hiyo tunatamka s, a, t kama "sa-a-ta", na mtoto akiziunganisha hapati sat. Vuta "ssss" bila irabu yoyote nyuma yake. Pia tenga muda wa masikio: ship na sheep, cat na cut. Katika Kiswahili jozi hizo huangukia sauti moja moja, na mtoto asiyezisikia hawezi kuziandika.

Usitumie pesa kwa vipimo. England ina kipimo cha foniksi cha darasa la kwanza kilichoanza mwaka 2012: maneno 40, nusu yake yakiwa ya kubuni yasiyo na maana, ili mtoto asiweze kuyasoma kwa kukumbuka. Karatasi za miaka iliyopita zinapatikana bure kwenye intaneti.

Shikamoo zangu nitapokea kwako, mwanangu. Namlea mjukuu wangu. Akiona picha ya kikapu na neno limeandikwa kikombe, anasema "kikapu" na kuendelea. Wazazi wake wanasema anasoma. Kweli anasoma? (Bibi, Kisauni)

Shikamoo bibi. Umeona sawasawa: anabahatisha. Ameona "ki", ametazama picha, amemaliza. Njia hiyo inamfaa leo kwa sababu vitabu vyake vina picha, lakini vitabu vya madarasa ya juu vina maneno mengi kuliko picha.

Funika picha kwa kipande cha karatasi mpaka amalize sentensi, kisha ifunue kama zawadi. Akikosea usimtajie neno. Weka kidole chini ya silabi aliyoiruka, umwambie, "Hapa pamesemaje?" Mwache aunganishe ki-ko-mbe mwenyewe. Na usimwulize "Unadhani ni neno gani?" Swali hilo ndilo linalomfundisha kudhani.

Assalamu alaikum. Watoto wangu wako madrasa kila alasiri, wanajifunza herufi za Kiarabu. Nikiwafundisha kusoma Kiswahili asubuhi nitawachanganya? (Mama, Lamu)

Waalaikumu ssalaam. Hapana. Mtoto anayejua kwamba ba yenye fataha ni "ba", yenye kasra ni "bi" na yenye dhuma ni "bu" ameshafanya kazi ya kuunganisha konsonanti na irabu, na atakuja kwenye silabi za Kiswahili akiwa ametangulia. Kuhusu upande wa kuanzia, kulia au kushoto, weka alama ndogo ya nyota mahali pa kuanzia mstari kwa majuma machache ya mwanzo. Tofauti ya kuiangalia ni maana: madrasa mtoto husoma kwa usahihi mkubwa lugha ambayo mara nyingi haifahamu bado. Katika Kiswahili mwulize kila baada ya sentensi, nani kafanya nini.

Programu za simu zinaweza kuchukua nafasi yangu? Nafanya kazi mchana kutwa. (Mzazi, Arusha)

Kidogo. Kati ya mwaka 2017 na 2019 mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka tableti zenye masomo ya Kiswahili kwenye vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga, kwa watoto ambao wengi wao hawakuweza kusoma hata neno moja. Wengi walipiga hatua, na programu zilizofika fainali ziliachwa wazi kwa umma. Kwa hiyo zitumie mchana. Jioni kaa naye robo saa akusomee kwa sauti, maana simu haisikii vizuri mtoto anapomeza silabi. Kwa hadithi, tovuti ya African Storybook ina vitabu vingi vya Kiswahili vya bure. Havikupangwa kwa sauti, basi vipitie kwanza uchague kurasa anazoziweza.

Mwanangu ana miaka minane. Silabi anazijua zote, hakosei, lakini sentensi moja inamchukua dakika nzima. Ni uvivu? (Baba, Moshi)

Sidhani, na tafadhali usimwite mvivu. Katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, disleksia, yaani tatizo la kusoma lisilotokana na upungufu wa akili, mara nyingi hujitokeza kwa usomaji wa polepole mno kuliko kwa makosa. Anza na hospitali: apimwe macho na masikio. Wakati huohuo asome aya moja fupi mara tatu kwa siku, kila mara baada yako, wewe ukisoma kwanza naye akifuatisha. Kama baada ya muhula mmoja wa kufanya hivyo kila siku mwendo haujabadilika, mtafute mtaalamu wa elimu maalumu, na umpelekee daftari lake la imla.