Kibao cha 30 hakina breki: kwa vijana mnaopima barabara za shule

Kila kundi jipya la wahitimu likifika ofisini, najua ripoti yao ya kwanza itakavyokuwa. Picha ya lango la shule, jedwali la kasi, halafu mapendekezo: vibao viwili vya kilomita 30 kwa saa, zebra ipakwe rangi, kazi imekwisha. Mwaka huu hata sentensi ni zilezile. Nashuku mnarithishana faili. Nikisema kwenye kikao mnatikisa vichwa huku mnachati, basi ngoja niandike.

1. Usipime kasi ukiwa umevaa kama trafiki.

Hapa nina kovu. Nilipewa barabara moja ya lami pembezoni mwa Dar es Salaam, shule mbili za msingi zinatazamana, watoto wanavuka kutwa. Nikaenda na dabo kabini nyeupe, nikaipaki kwenye bega la barabara, nikavaa reflekta mpya na kofia ngumu, nikasimama na tochi ya kupimia kasi mkononi kama askari wa gwaride. Dereva wa Dar akiona reflekta na kitu cheusi kimemwelekea, haulizi umeajiriwa na nani. Wa kwanza alikanyaga breki, akanipungia mkono kwa heshima zote, na kila aliyepishana naye akamwashia taa. Muda si mrefu barabara nzima ilikuwa na adabu. Konda mmoja akachomoza kichwa mlangoni: "Shikamoo, afande!" Nami, bila aibu, nikaitikia marahaba.

Jedwali likatoka safi: asilimia 85 ya magari yako chini ya 40. Nikaandika kwamba madereva wa eneo lile ni watiifu, vibao vinatosha, matuta yaondolewe kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na gharama za mradi, tuokoe fedha. Bosi akanisifu mbele ya watu. Fedha za matuta zikahamia kwenye mtaro wa barabara nyingine. Mtaro huo upo mpaka leo, mzuri kabisa. Nikipita pale naangalia upande wa pili.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu mkuu akanipigia simu. Hakufoka, na afadhali angefoka. Mtoto wa darasa la pili kagongwa na Noah, kavunjika paja. Nilipofika, kibao changu kilikuwa kimesimama wima, hakina hata mkwaruzo. Alama nyeusi za matairi zilianza hatua chache kabla ya zebra, zikaivuka yote, zikaishia karibu na meza ya mama anayeuza mihogo. Akanitazama, akanitambua. "Nyie si ndio mlikuja kupima? Siku ile magari yalikwenda kistaarabu kweli. Tukasema labda kuna kiongozi anapita."

Sikuwa na la kumjibu. Yeye alikuwa anakaa pale kila siku. Ningemuuliza tu, asingenidai hata shilingi.

Mtoto alipona, ila anachechemea. Matuta yalijengwa mwaka wa fedha uliofuata, na kwenye ripoti ya pili sikuwa na ujasiri wa kueleza kwa nini ya kwanza ilikosea. Niliandika "ongezeko la magari". Ndiyo maana nikiona ripoti zenu zina madereva malaika wa kilomita 38, nauliza swali moja tu: ulikuwa umesimama wapi? Siku hizi mimi napimia ndani ya bajaji iliyopaki mbali na njia ya magari, na kabla sijawasha kifaa nanunua mihogo na kuuliza.

2. Pima watoto wakiwepo. Siyo likizo ya Juni, siyo Jumamosi. Shule yenye zamu mbili, lazima uwepo ule muda wa mchana ambapo wa asubuhi wanatoka na wa mchana wanaingia.

3. Uliza barabara ni ya nani kabla hujachora: TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, au TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Tangu TARURA ianzishwe mwaka 2017 bado napokea michoro iliyotumwa kwa asiyehusika.

4. Hesabu ya 30 ikae kichwani, si kwenye laptopu.

Diwani atakuuliza kwa nini 30 wakati sheria inaruhusu 50 kwenye makazi. Mwambie hivi: mtoto katoka ghafla, dereva kachukua sekunde moja kushtuka. Kwenye lami kavu na breki nzima, gari la 30 linasimama ndani ya mita 13 hivi. La 50, kwa mita hizohizo 13, dereva hata breki hajaigusa. Kisha mtoke nje, mpime hizo mita 13 kwa tepu mbele ya lango, naye ashike ncha moja. Usimsomee Azimio la Stockholm la mwaka 2020 la usalama barabarani. Nilishajaribu, mheshimiwa akaniuliza Stockholm kuna bodaboda ngapi. Akitaka mfano, mpe wa nyumbani: mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, uliofanya kazi kwenye shule za Dar na kupata tuzo ya WRI Ross mwaka 2019. Njia za miguu, matuta, vivuko, vitu vya kawaida kabisa.

5. Kibao weka, maana bila kibao trafiki hana cha kumshikia dereva. Lakini kinachopunguza mwendo ni tuta, na kinachomshtua dereva kabla ya tuta ni rasta, vile vituta vyembamba vinavyofuatana. Nguzo iwe ya zege. Ya chuma itaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla ya mwisho wa muhula.

Na jamani, tuta lifike ukingoni. Likiishia kabla ya ukingo, bodaboda hapunguzi chochote: anachepuka kwenye bega la barabara, palepale watoto wanapotembea, yaani mmemtoa barabarani mkamwingiza kwa watoto. Acheni upenyo wa maji, siyo upenyo wa Boxer, na pembeni mpandishe nguzo fupi za zege. Mkandarasi atawaambia hazimo kwenye BOQ. Zimo, ukurasa wa mwisho. Huwa hafiki huko.