Maswali ya Muziki wa Gari: Amplifaya Inazima, Geini Inachanganya, Redio ya Kijapani Haishiki Stesheni

Nimefunga amplifaya ya chaneli moja ya wati 500 na sabufa ya inchi 12 kwenye Toyota IST. Nikiongeza sauti, kila besi ikipiga taa za mbele zinafifia, halafu amplifaya inazima na kuwaka tena yenyewe. Waya nilinunua seti iliyoandikwa namba 4, hasi nimeifunga kwenye bolti ya mkanda wa kiti cha nyuma. Muuzaji ananishauri ninunue kapasita. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

Ndugu msomaji, hiyo hela ya kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi) iache mfukoni kwanza. Amplifaya yako ina njaa ya umeme, na njaa hiyo karibu kila mara inaanzia kwenye waya.

Tupige hesabu. Ili itoe wati 500, amplifaya ya daraja D huvuta kama wati 625 kutoka kwenye betri, maana sehemu ya tano hivi inapotelea kwenye joto. Gawanya kwa volti 14 za alteneta, unapata ampea 45 hivi. Waya wa namba 4 wa kweli una shaba ya milimita za mraba 21 (namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba). Kwa urefu wa mita 5 kutoka kwenye betri hadi kwenye buti, mzigo huo utapoteza volti 0.2 tu. Seti za bei rahisi huwa na plastiki nene na chuma chembamba, tena si shaba bali alumini iliyopakwa shaba. Chuma cha ndani kikiwa na unene wa namba 8 na ni alumini, upotevu unafika volti 0.7 kwa waya wa chanya peke yake.

Kujua ulichonunua ni rahisi. Menya ncha ya waya, chukua uzi mmoja na ukwangue kwa wembe. Ukiwa mweupe ndani, hiyo ni alumini. Chuma chenyewe, bila plastiki, kiwe na upana wa karibu milimita 6.

Hasi ndiyo inatutia wasiwasi zaidi. Bolti ya mkanda ina rangi na mara nyingi ina gundi kwenye nyuzi zake, kwa hiyo haigusi bodi vizuri. Na ni bolti inayoshika uhai wa mtu, haifai kulegezwa kwa ajili ya muziki. Irudishe ilivyokuwa na uikaze barabara. Tafuta bati nene la bodi karibu na amplifaya, waya usizidi nusu mita, na uwe na unene sawa na wa chanya. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari uangalie: tangi la mafuta na mabomba ya breki yako upande huo. Kwangua rangi kwa msasa mpaka bati ling'ae, eneo la ukubwa wa shilingi, funga kwa bolti, nati na washa ya meno, kisha paka grisi juu ili kutu isiingie. Kwenu pwani kutu haichelewi.

Sasa pima. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse hasi ya amplifaya, nyingine iguse hasi ya betri kwa kutumia waya mrefu, halafu mtu apige wimbo wenye besi nzito. Mita ikipanda zaidi ya volti 0.2, hasi bado mbovu. Rudia kwa chanya na chanya. Namba ikiwa kubwa upande mmoja, umeshajua ugonjwa uko wapi. Pande zote zikiwa safi na taa bado zinafifia, geukia betri yenyewe: ikiwa imepumzika isome kama volti 12.6, injini ikiunguruma isome 13.8 hadi 14.4. Waya mfupi wa kiwandani unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi nao uongezewe mwenzake wa namba 4, kwa sababu umeme wa amplifaya unarudi kwa njia hiyo.

Fyuzi hukuitaja. Lazima iwepo kwenye waya wa chanya, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kwa mzigo wako weka ya ampea 60. Fyuzi zilizo kwenye amplifaya zinailinda amplifaya. Hii ya mbele inaulinda waya. Pale waya unapopenya ukuta wa injini kuingia ndani, upite kwenye mpira. Bati likikata plastiki bila fyuzi mbele yake, gari linawaka moto.

Kuhusu kapasita: ya faradi 1, ikishuka volti moja, imeshatoa ampea 45 kwa muda wa sehemu moja kati ya 45 ya sekunde. Haiwezi kuubeba mvumo wa besi unaodumu.

La mwisho, chomoa sabufa upime omu. Kama ina koili mbili za omu 2 na umeziunganisha sambamba, amplifaya inaona omu 1. Ikiwa imeandikwa mwisho wake wa chini ni omu 2, itajizima hata kwa waya wa dhahabu.

Kila fundi anazungusha geini kwa sikio lake, na sabufa yangu ya pili sasa imenuka kuungua. Kuna njia ya kupima? – Dada wa Mombasa

Ipo dada, na inahitaji mita ya kawaida tu. Geini si kitufe cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha nguvu inayotoka kwenye redio na ile amplifaya inayotarajia. Ikizidi, vilele vya mawimbi vinakatwa, wastani wa umeme unaoingia kwenye koili unapanda, na koili haipati nafasi ya kupoa. Harufu uliyosikia ni gundi na vanishi ya koili ikiungua.

Chomoa waya za sabufa kwenye amplifaya. Kwenye redio, besi na treble ziwe sifuri, vikuza-besi vyote vizimwe, na cha kwenye amplifaya pia. Krosova ya LPF, yaani kichujio kinachopitisha besi tu, izungushe hadi mwisho wa juu kwa muda. Geini irudishe chini kabisa. Weka kwenye flashi faili la mlio wa Hz 50 wenye kiwango cha dB 0, yaani cha juu kabisa cha faili, usipitishe Bluetooth. Redio ipandishe hadi robo tatu, yaani 30 kama mwisho wake ni 40. Mita iweke kwenye volti za AC, ncha zake ziguse matundu ya spika kwenye amplifaya.

Volti unayotafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara omu. Wati 300 kwa omu 4 ni 1,200, kipeuo chake 34.6. Wati 500 kwa omu 2 ni 31.6. Tumia wati za RMS, yaani za kudumu, na kama sabufa ina uwezo mdogo kuliko amplifaya, fuata za sabufa. Zile namba kubwa za rangi kwenye boksi zisahau kabisa. Panda polepole mpaka mita ifike hapo, kisha weka alama ya rangi ya kucha kwenye geini ili fundi mwingine asiichezee.

Kwa spika za milango, fanya hivyohivyo na krosova ikiwa imezimwa: wati 60 kwa omu 4 ni volti 15.5. Mlio uwe wa Hz 100, usitumie 1,000, kwa sababu mita nyingi za bei rahisi hupima vizuri karibu na Hz 50 na huko juu zinadanganya. Ukimaliza, LPF ya sabufa iwe Hz 80, HPF ya milango (kichujio kinachozuia besi) iwe 80 pia. Geuza swichi ya fezi (inayogeuza mwelekeo wa koni ya sabufa) 0 na 180 ukiwa umekaa kwenye usukani, uchague upande ambao besi inajaa.

Passo yangu ina redio ya Japani. Stesheni nyingi sizipati. – Dodoma

Redio za Japani zilitengenezwa kwa FM ya 76 hadi 90 MHz, na za karibuni hufika 95. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Kile kiboksi kinachowekwa kati ya antena na redio huteremsha mawimbi: kikiwa cha MHz 16, stesheni ya 98.5 utaipata kwenye 82.5, na utaona zile za 92 hadi 106 tu. Mara nyingi mapokezi hudhoofika. Sisi tungebadilisha redio. Nunua yenye upana wa milimita 200, au ya 178 pamoja na vipande vya kuziba pembeni, na adapta ya Toyota ya plagi za pini 10 na 6 ili usikate waya hata mmoja.

Kuna mlio mwembamba kwenye spika unaopanda nikikanyaga mafuta. – Probox, Nakuru

Huo ni umeme wa alteneta unaoingia kwenye njia ya muziki. Redio ikiwa imezimwa, chomoa waya za RCA (zile zinazoleta muziki kutoka kwenye redio) kwenye amplifaya, kisha washa redio na injini. Mlio ukibaki, tatizo ni hasi ya amplifaya au waya wa chanya. Ukitoweka, unganisha simu ambayo haichaji moja kwa moja kwenye amplifaya. Kukiwa kimya, kosa liko mbele: RCA zimelala pamoja na waya wa betri, au hasi ya redio ni dhaifu. Pitisha RCA upande mmoja wa gari na umeme upande wa pili. Na RCA zisichomekwe wala kuchomolewa redio ikiwa inawaka, kwani njia nyembamba ya hasi ndani ya redio huungua, na mlio huu huanzia hapo.

Redio yangu mpya ina sehemu ya kuchelewesha spika. Naandika namba gani? – Unguja

Lengo ni sauti za spika zote zifike sikioni pamoja. Chukua futi ya fundi cherehani, upime kutoka kwenye sikio hadi kila spika. Tuseme kulia, upande wa usukani, ni sentimita 95, kushoto 140, sabufa 200. Ya mbali zaidi ibaki sifuri. Sauti husafiri kama sentimita 34.3 kwa milisekunde, kwa hiyo kulia ni (200 − 95) ÷ 34.3, yaani milisekunde 3.06, na kushoto 1.75. Mwimbaji akisogea katikati ya dashibodi, umepatia. Akibaki mlangoni upande wako, ongeza kulia 0.1 kwa 0.1 hadi atulie. Asiposogea kabisa, na sauti imetawanyika huku besi ikiwa nyembamba, spika moja ya mlango imefungwa chanya kwa hasi: igusishe betri ya volti 1.5 kwa nukta moja, chanya kwa chanya, na koni ikiingia ndani badala ya kutoka nje, ndiyo hiyo.