Shomoro adimu wa Hifadhi ya Nairobi: maswali yenu

Safari hii wengi mmeuliza kuhusu shomoro wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, hasa wale ambao huwaoni kwenye mapaa ya mtaani.

Langoni nimemwona shomoro dume. Nitajuaje kama ni wa mjini au ni yule wa Kenya, *Passer rufocinctus*?

Tazama jicho kwanza, rangi baadaye. Wa mjini, mgeni aliyetulia Mombasa miaka mingi kabla ya kupanda bara, ana jicho jeusi. Wa Kenya ana jicho la rangi ya maziwa, utadhani ameshtushwa na jambo. Halafu subiri ageuke: chini ya mgongo, karibu na mkia, ana rangi ya kutu, ilhali wa mjini pale ni kijivu. Baka jeusi la kooni lisikusumbue, madume wote wanalo. Jike wa Kenya naye ana jicho hilohilo jeupe. Ndege huyu anapatikana Kenya na kaskazini mwa Tanzania tu, ndiyo maana mimi husimama kumtazama kwa muda mrefu kuliko simba aliyekwisha kuzingirwa na magari.

Kuna mwingine mwenye kichwa cha kijivu kitupu, hana baka. Ni jike?

Siyo. Ni shomoro kichwa-kijivu, dume na jike hufanana. Jike wa mjini ana michirizi mgongoni na mstari hafifu juu ya jicho.

Niende saa ngapi, na wapi?

Saa kumi na mbili asubuhi, lango linapofunguliwa. Anzia kwenye majengo ya langoni, kisha sehemu za mandari, ndipo uende kwenye migunga ya mbugani. Hifadhi ina kilomita za mraba 117, usitake kuimaliza. Na ushuke garini pale panaporuhusiwa tu. Huna gari? Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, wana matembezi ya kutazama ndege Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho ya Taifa.

Kwenye koloni la kwera, wale ndege wanaofuma viota, niliona kadogo, kahawia-nyekundu mwili mzima. Ni shomoro kweli?

Kweli, na una bahati! Huyo ni *Passer eminibey*, mdogo kuliko shomoro wenzake wote, na rangi hiyo ni ya dume wakati wa kuzaliana. Ni mnyang'anyi. Humvizia kwera aliyejenga, hung'ang'ania mlangoni akitetemesha mbawa kama kinda anayedai chakula, mpaka mwenye nyumba anachoka na kuhama. Kwa hiyo ukikuta koloni, kagua kiota kimoja kimoja.

Nikiwatupia makombo ya mkate watasogea nipige picha?

Kulisha wanyama ni marufuku, na watakaowahi mkate ni nyani. Baki garini, zima injini, uweke mfuko mdogo wa mchele dirishani uegemeze kamera. Shomoro hawalijali gari lililosimama.